Saa ya Majirani: Chini ya Baraza

“Nauliza tena. Stoo imekwenda wapi?”

Bibi Stefania Hrynko, jirani, aliuliza hivyo mara ya pili kule chini ya nyumba, fimbo yake ikielekea ukutani, na viatu tulivyovisikia kwenye sehemu ya wiki iliyopita vikishuka ngazi sasa vikafika chini. Alikuwa Norbert Sedlak, mwenye nyumba.

Kama Jumapili iliyopita ulikuwa harusini na gazeti lako likafungiwa vitumbua, nikukumbushe upesi, maana Norbert hatatungoja.

Lorraine Hudak ni dalali wa nyumba mjini Parma, jimbo la Ohio. Norbert amempa nyumba yake aiuze, kwa sharti moja tu: majirani wasikanyage. Lorraine akaitikia vizuri kabisa, kisha akaenda kuchomeka kadi kwenye milango sitini ya mtaa ule. Karibuni Jumapili saa sita mchana. Saa nzima ni ya majirani peke yao, kabla wanunuzi hawajaingia. Kahawa ipo, na kolachi, vile vimikate vitamu vya jamu, zipo.

Msimwone mwendawazimu. Jirani hanunui nyumba ya jirani yake, hilo kila dalali analijua. Anakuja kuchungulia jiko, kushika mapazia na kuona watu walikuwa wakiishi vipi. Lakini jirani huyo huyo ana dada anayetafuta nyumba, ana binti anayeolewa, na siku moja atauza ya kwake. Akishakula kolachi yako na kuandika namba ya simu kwenye daftari la wageni, huyo ni wako. Tena mnunuzi wa kweli akiingia akakuta sebule imejaa, haulizi hawa ni akina nani. Anaona wapinzani tu, na mkono unamwasha kutia sahihi. Nyumba nne za mtaa huu Lorraine alizipata hivyo hivyo.

Jambo moja hakulipigia hesabu. Jirani huijua nyumba kuliko mwenyewe.

Mtaa mzima ulijengwa na mkandarasi mmoja kwa ramani moja. Kila nyumba ina jiko la pili huko chini ya ardhi, la kukaangia na kuchemshia mambo yenye harufu, ili jiko la juu libaki la kuonyesha wageni. Na kando ya jiko hilo la chini kuna mlango mdogo wa stoo ya baridi, iliyo chini kabisa ya baraza ya mbele, ya kuwekea chupa za nyanya na kabichi za msimu wa baridi. Kila nyumba. Kwa Norbert, mahali pa mlango huo palikuwa na ukuta wa mbao, umepakwa rangi nyeupe na kupigiliwa rafu tatu.

“Lorraine,” alisema Norbert kwa upole, “tulikubaliana nini mimi na wewe?”

Alikuwa mtu mkubwa, mtaratibu, mgawa karatasi za nyimbo kanisani. Siku ya kuonyesha nyumba, mwenye nyumba hukaa mbali. Yeye alikuwa ameahidi kushinda kwa kaka yake wakitazama mpira.

“Norbert, ni watu wawili watatu tu, wamepita kusalimia...”

“Nimehesabu ishirini na sita. Mmoja amefungua friji yangu.”

“Huyo ni Gus,” akadakia Bibi Stefania. “Hana adabu tangu ujana wake. Nijibu mimi kwanza. Stoo ya Arlene iko wapi?”

Arlene alikuwa mke wa Norbert. Alikuwa, maana miaka minne iliyopita, mwezi wa Juni, alitoweka siku moja kabla ya mahafali ya binti yake.

“Bibi yangu, maji yaliingia,” alisema Norbert. “Nikaijaza kokoto, nikaifunga. Miaka minne sasa. Ulitaka nikuandikie barua?”

Lorraine akashusha pumzi. Maji! Maji ni jambo la kawaida. Maji huandikwa kwenye fomu ya mnunuzi, watu wanatia sahihi na maisha yanaendelea. Karibu amshike Norbert mkono kwa shukrani.

“Maji yapi hayo?”

Kichwa cha Gus Tomasik kilichomoza ngazini, kolachi mdomoni. Alikuwa fundi uashi miaka arobaini, sasa kastaafu na kazi yake ni kukosoa ufundi wa wengine.

“Nyumba yangu iko chini kuliko yako, Norbert, na yangu kavu mpaka panya wanakohoa. Maji yaliniruka mimi yakaja kwako?” Alishuka, akaweka kiganja kwenye ukuta mweupe, akaunusa kama anayenusa samaki sokoni. “Halafu unasema miaka minne. Rangi hii haijatimiza hata mwezi.”

Lorraine aliutazama ukuta, kisha akamtazama Norbert.

Norbert akacheka. “Lorraine, waambie. Nani aliniambia nipake rangi nyumba nzima kabla ya kuuza?”

“Mimi,” Lorraine alikiri. Ilikuwa kweli. Huwaambia wote.

“Haya basi. Mzee, kamalize kolachi yako huko kwenu. Na wewe Lorraine, watoe watu hawa, nataka nyumba yangu tupu ndani ya dakika kumi.”

Akapanda ngazi bila haraka. Muda mfupi baadaye mlango wa gereji ulisikika ukifunguliwa, kisha ukifungwa.

“Mwongo,” alisema Bibi Stefania.

“Bibi, tafadhali.”

“Mwongo nakwambia. Arlene alikuwa akikaa ndani ya stoo ile hata siku za jua kali. Ingekuwa na maji si ningeona miguu yake imelowa?”

Lorraine hakutaka kusikia. Alipanda juu mbio, na huko akakuta neema imemsubiri mlangoni. Kijana Devon na mkewe Marisol, mjamzito wa miezi saba, walikuwa wamefika mapema na kukuta umati. Marisol alikuwa ameshikilia tumbo lake kwa mikono miwili, akitazama watu wanavyopishana.

“Hawa wote wanaitaka?” alinong’ona. “Mama, sisi tumeshakosa nyumba tatu. Tutie sahihi sasa hivi. Bei yoyote mliyoandika, sisi tunakubali.”

Siku nyingine Lorraine angetabasamu na kusema, “Hamko peke yenu.” Maneno hayo yalikuwa yameshafika kwenye ulimi. Norbert alikuwa amesimama mlango wa jiko, akayasikia yote, akamwinulia Lorraine kikombe cha kahawa.

“Umeuza,” alisema. “Unataka nini tena? Wape kalamu.”

Mkono wa Lorraine ulikwenda kwenye mkoba. Nisimfiche: ulikwenda.

Ndipo mlango wa mbele ukafunguliwa, akaingia msichana wa miaka ishirini na miwili, koti la kijani, nywele amezikata fupi kama mvulana. Macho yalikuwa ya Arlene kabisa. Alikuwa Corinne, binti wa nyumba ile, ambaye alihamia mji wa Akron siku alipopata kazi ya kwanza na hakurudi hata Krismasi.

Kikombe cha Norbert kilitua mezani kwa kishindo.

“Nani amekuita?”

“Bibi Stefania alinitumia kadi,” alisema Corinne. “Imeandikwa majirani. Mimi nilikaa hapa miaka kumi na minane, nadhani ninastahili kolachi moja.” Kisha akamgeukia Lorraine. “Wewe ndiye dalali? Wewe ndiye Lorraine?”

“Ndiyo, mwanangu.”

“Wewe ndiye uliyesema mama yangu yuko Florida.”

Lorraine alitamani sakafu immeze.

Alisema, ndiyo. Miaka minne nyuma alikuwa akiuza nyumba ya upande wa pili wa barabara, nayo ilikuwa na saa yake ya majirani. Dalali hawezi kupokea umbea bila kutoa wa kwake, ndivyo watu wanavyolegea. Kila aliyeingia, Lorraine alimpa kahawa na habari: Arlene Sedlak amekimbia na mwanamume anayeuza boti huko Florida. Jumapili ya tatu mtaa wote ulikuwa ukijua hata rangi ya boti. Polisi walipopita nyumba kwa nyumba kuuliza, wote walijibu Florida, tena kwa uhakika. Polisi wakafunga daftari lao.

“Ulimwona huko?” aliuliza Corinne.

“Hapana.”

“Alikupigia?”

“Hapana, mwanangu. Nilisikia tu.”

“Kwa nani?”

Lorraine alijua jibu, lakini hakuwahi kulitamka kwa sauti.

“Kwa baba yako,” alisema.

Corinne akamtazama Bibi Stefania, aliyekuwa amefika juu akihema. “Na wewe bibi, ulisikia kwa nani?”

“Kwa Lorraine.”

“Gus?”

“Kwa Stefania.” Gus aliitua kolachi yake mezani. “Mungu wangu. Yaani sisi sote tulisikia kwa mtu mmoja.”

Watu wakageuka kumtafuta mtu huyo. Mlango wa jiko ulikuwa mtupu.

Lorraine alikuwa na umri wa miaka hamsini na minane, na miaka thelathini ya hiyo alikuwa ameitumia kuwaambia watu yale wanayotaka kusikia. Aliona aibu ikimpanda kutoka miguuni. Alimtazama Corinne akakumbuka kwamba msichana huyu alimchukia mama yake miaka minne kwa neno lililoanzia kwenye sahani ya kolachi.

“Gus,” alisema, “stoo zenu zinapata hewa kutoka wapi?”

“Kila moja ina tundu la hewa, mbele, chini ya baraza. Bomba la inchi sita.” Gus alikuwa ameshaelewa. “Nakwenda kuleta tindo.”

Lorraine akapiga makofi mara mbili, kama anavyofanya anapofunga nyumba.

“Majirani! Naomba wote tutoke nje, tusimame kwenye nyasi za mbele. Na tafadhali, leo mtu asiende nyumbani.” Akamwinamia Marisol. “Sahihi ingoje, mwanangu. Piga simu polisi. Waambie ni nyumba ya Sedlak, na waje haraka.”

Walitoka. Watu thelathini wakasimama kwenye nyasi na vikombe vyao vya karatasi, mchana kweupe, na Lorraine kwa mara ya kwanza siku hiyo akahisi usalama. Norbert angeweza kumnyamazisha dalali mmoja. Angewafanyaje hawa wote?

Mbele ya baraza kulikuwa na pipa kubwa la maua ya plastiki. Gus na Devon walilisukuma. Nyuma yake, mahali ambapo kila nyumba ya mtaa ule ina tundu lenye wavu, palikuwa na duara la saruji.

“Mbichi,” alisema Gus, akiikwangua kwa ukucha. “Tena imepigwa na mtu asiyejua kazi.”

Pigo la kwanza, saruji ikapasuka. La tatu, ikaangukia ndani. Hewa ikatoka tunduni, baridi na yenye unyevu, na waliokuwa karibu walisubiri harufu waliyokuwa wakiiogopa.

Haikuwa hiyo. Ilikuwa harufu ya sabuni, na siki, na nyanya zilizochemshwa.

“Hakuna kokoto,” alisema Gus. “Norbert, mwongo mkubwa we.”

Lorraine akapiga magoti kwenye udongo, soksi zake za Jumapili zikachanika. Akawasha taa ya simu, akauingiza mkono wake tunduni mpaka kwapa, akapiga picha gizani, moja, mbili, tano. Akautoa. Vichwa vikamzunguka.

Picha ya kwanza ilikuwa ukuta. Ya pili, kitanda cha kukunja chenye blanketi lililotandikwa vizuri, na ndoo yenye kifuniko. Ya tatu, mnyororo mwembamba, kama wa mbwa, umefungwa kwenye mguu wa kitanda. Ya nne na ya tano, rafu za chupa, safu kwa safu, kila kifuniko kikiwa na kipande cha karatasi ya gundi kilichoandikwa kwa kalamu.

Akina mama wa Parma hawafungi chupa bila kuandika tarehe. Hata yule anayesahau siku ya kuzaliwa ya mumewe hasahau hilo, maana chupa ya zamani huliwa kwanza.

“Nipe,” alisema Bibi Stefania. Aliisogeza simu machoni, akaivuta picha kwa vidole viwili. “Huu ni mwandiko wa Arlene. Mimi ndiye niliyemfundisha kuikata namba saba kwa kistari katikati. Nyanya, Agosti...” Aliipanua picha zaidi. “Nyanya, Agosti, mwaka ule ule. Corinne, mama yako aliondoka Juni.”

“Endelea,” alisema Corinne.

“Pilipili, Septemba, mwaka uliofuata. Matango, Julai, mwaka wa tatu. Nyanya...” Akaifuta simu kwa kitambaa chake cha kichwa, akatazama tena. “Nyanya. Septemba kumi na saba. Mwaka huu.”

Ilikuwa Oktoba kumi na mbili. Mtu fulani kwenye nyasi alianza kulia.

Corinne hakulia. Alikuwa akiitazama baraza, mbao zake za kijivu, viti viwili vya chuma.

“Kiangazi kile nilikaa hapa kila jioni,” alisema. “Hapa hapa, na simu. Nilikuwa nawaambia rafiki zangu kwamba mama yangu ni malaya, kwamba akirudi nitamtemea mate. Nilikuwa nasema kwa sauti kubwa ili baba ajisikie vizuri.” Akaelekeza kidole chini ya baraza. “Tundu lilikuwa chini ya miguu yangu. Alikuwa akinisikia.”

“Usiseme hivyo, mwanangu,” alisema Lorraine.

“Alikuwa akinisikia kila neno.”

Lorraine akamshika bega.

“Kitanda ni kitupu,” alisema Gus kwa sauti ya chini. “Amemtoa akampeleka wapi?”

“Hajamtoa,” alijibu Bibi Stefania.

“Bibi, chumba kitupu hicho.”

“Hajamtoa, nasema! Dirisha langu linatazama mlango wake wa mbele na gereji yake. Sina kazi nyingine, goti limekufa, silali kabla ya alfajiri. Tangu Septemba mtu huyu ameingiza mbao, ameingiza rangi, ameingiza saruji. Hakijatoka kitu. Hata godoro halikutoka. Kwa nini unafikiri aliziba stoo badala ya kuisafisha? Alijua naona!”

Gus akavua kofia yake. Vichwa vyote, bila mtu kuamrisha, vikainuka taratibu kuelekea juu, kupita madirisha ya vyumba, mpaka penye paa. Lorraine alikuwa ameionyesha nyumba hiyo kwa watu ishirini na sita kutoka chumba hadi chumba. Dari peke yake hakuifungua. Norbert alimwambia ngazi ya kukunja ya kupandia darini imevunjika, naye akaandika hivyo hivyo kwenye karatasi.

“Corinne,” alisema, “wewe kaa hapa karibu yangu mpaka polisi...”

Aligeuka. Mahali aliposimama Corinne palikuwa na kikombe cha karatasi kwenye nyasi.

Msichana alikuwa amepiga hesabu hiyo kabla yao. Mlango wa mbele ulikuwa ukijifunga, na pindo la koti la kijani likapotea ndani.

“Corinne!”

Lorraine aliruka ngazi za baraza kama hana miaka hamsini na minane. Alipofika, komeo la ndani liligeuka kwa mlio mkavu mbele ya uso wake. Alichomeka ufunguo wa dalali. Ulizunguka, lakini mlango haukusogea. Kupitia kioo kidogo aliona mgongo wa Norbert, mpana, mtulivu, ukipanda ngazi za vyumbani nyuma ya binti yake. Mkononi alikuwa na debe jekundu lililotoka gereji, na debe lilikuwa likining’inia jepesi, tupu.

“Vunjeni!” alipiga kelele. “Gus, leta nyundo! Devon! Vunjeni mlango!”

Pigo la kwanza. Mlango ulikuwa wa mwaloni, wa fundi yule yule. Pigo la pili.

Kisha juu, nyuma ya dirisha dogo la dari, ikasikika sauti ya Corinne, na wote walisimama walipo, hata Gus na nyundo yake hewani. Hakuwa akiomba msaada. Alikuwa akisema neno moja, polepole, kama mtoto aliyeamka kutoka usingizini.

“Mama?”

Ving’ora vilisikika mbali, mbali sana, upande wa barabara kuu.

Sauti nyingine ikajibu. Ilikuwa nzito na ya kukokota, ya mtu aliyelishwa dawa za usingizi, lakini Bibi Stefania aliitambua mara moja, akashika moyo na kukaa chini kwenye nyasi.

“Usikanyage hapo, mwanangu,” ilisema sauti ya Arlene. “Amemwaga petroli.”